Karavani la Mahari ya Azza

Firq, Nizwa
14 Februari 1979

Bimdogo,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, halafu Ami Khalaf mfikishie shikamoo yake, na Azza mpe salamu kwa kiasi unachoona kinamfaa mchumba wa watu, nisije nikaambiwa nimevuka mpaka. Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha. Hapa karakana kazi zimetuzidi, magari ya barabara mpya yanaletwa hoi na sisi tunayafufua. Kwa Ami vipi goti lake? Na shule, Azza bado anawapigia kelele wale wasichana wa darasa la nne?

Sasa kaa vizuri, usije ukasimama kwa mshituko. Nimenunua nyumba. Nimekwenda kuinunua Dubai, nikaifunga nyuma ya pikapu ya Azzan, rafiki yangu wa hapa karakana, tukaja nayo mpaka Nizwa. Yaani ni karavani, nyumba ya matairi ile wanayokaa mainjinia wa kizungu kwenye kambi. Mwenyewe Mwingereza, kazi yake imekwisha, anarudi kwao. Lina vitanda viwili, jiko la gesi, kabati, beseni la kuoshea vyombo, na madirisha ya wavu. Kasoro yake linanuka sigara, na mlango ukiufunga lazima uusukume kwa bega. Hayo nayaweza.

Nimelinunua kwa sababu unajua mwenyewe, kiwanja nilichoomba bado hakijatoka na nyumba za kukodi Nizwa hazipatikani. Mzee mmoja wa Birkat al Mauz amenipa pahala pembeni mwa shamba lake la migomba, maji ya mfereji wa falaji yanapita hatua kumi. Ami alisema tulipokuja kuposa kuwa mahari iwe kitu Azza atakachokiona kwa macho na kiandikwe kwa jina lake, si ahadi ya mdomo. Basi ndilo hilo. Nitalisajili, nitalikatia bima, na hati nitaitoa kwa jina la Azza kabla ya harusi.

Nakuandikia wewe, si Ami, ili umtayarishe. Wewe ukisema jambo ni zuri, Ami hulala usingizi.

Barua hii anaileta Nadhir wa teksi. Mpe jibu arudi nalo.

Wako,
Marzouq


Ibra
6 Machi 1979

Marzouq mwanangu,

Marahaba, na Mwenyezi Mungu akuzidishie afya. Najua Nadhir amekuja mara mbili akaondoka mikono mitupu. Mara ya kwanza nilikuwa na wageni, mara ya pili kichwa kiliniuma. Usinune. Ami yako hajambo, goti ni lile lile, anapanda ngazi akimtaja kila nabii. Azza yuko kazini.

Karavani! Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nimekaa. Marzouq, una akili timamu? Mtoto wangu nimlee miaka ishirini na mbili, nimsomeshe, halafu nimtoe akakae ndani ya gari lisilokuwa na injini? Ukija upepo wa Nizwa je? Mkigombana atatokea mlango gani, huo wa kusukumwa na bega? Nimemweleza Bi Wadha jirani, amecheka mpaka amefuta machozi kwa ushungi. Hapa Ibra watu wanajenga majumba ya matofali siku hizi, mabedui nao wanajenga, na wewe unarudi kwenye hema la bati.

Ami yako amelipenda, ukitaka kujua. Anauliza lina taa ngapi. Azza naye ndiyo usiseme, amekwishapima vitambaa vya mapazia kwa kukisia, na hajaliona hilo dirisha lenyewe. Mimi peke yangu ndiye sikulipenda, na nyumba nzima imenigeuka.

Nakushauri kama mkubwa wako: liuze. Wala harusi haina haraka. Mwezi wa saba karibu mno, Ramadhani inafuata nyuma yake, joto kali. Mngoje hata mwakani, kiwanja kitatoka, mjenge kama watu. Nani anakufukuza?

Kwa Bi Wadha huyu posa ya mjukuu wake imevunjika tangu mwezi wa kwanza. Usiniulize kwa nini.

Vaa kitu kifuani, kikohozi hakikuagi.

Bimdogo


Firq
22 Machi 1979

Bimdogo,

Shikamoo, na shikamoo ya Ami, na Azza mwambie madirisha ni matano, manne sawasawa na moja dogo la jikoni. Vipimo nimevitia ndani ya bahasha hii, akate kitambaa kwa uhakika.

Barua yako nimeicheka, lakini imeniuma pia. Hukupata kuniambia "liuze" kwa jambo lolote. Nilipotaka kuacha kazi ya stoo ulinipigania wewe. Basi nimekaa najiuliza nimekukosea nini. Mngoje mwakani! Bimdogo, mimi nina miaka ishirini na saba.

Sasa sikia mkasa wa karatasi. Nimekwenda Ruwi kwenye kampuni ya bima. Karani akaangalia hati yangu, akasema hii ni ya Dubai, tena jina la Mwingereza, sisi hatuwezi kulikatia bima gari la mtu aliyekwisha panda ndege. Nenda ukasajili kwa jina lako kwanza. Nikarudi Nizwa, nikaenda trafiki. Karani wa trafiki, jina lake Hashil, akasema hawezi kutoa mulkiya, ndiyo hiyo hati ya umilikaji, mpaka aone bima. Nikarudi Ruwi. Wakasema mpaka waone mulkiya. Yarabi, nilisimama katikati ya ofisi nikataka kucheka na kulia pamoja. Na ile namba ya muda niliyopewa Dubai inakwisha tarehe thelathini, baada ya hapo gari ni la magendo.

Halafu bima wananiuliza, hiki ni gari au nyumba? Likiwa gari, mbona halina injini? Likiwa nyumba, mbona lina tairi? Atalala nani ndani? Nikasema mke wangu inshaallah. Karani akaandika "makazi ya mke," akafuta, akaandika "tela." Alinitazama kwa huruma, nadhani na yeye ni mchumba wa mtu.

Mwisho tumepata njia. Bima wamenipa barua ya siku kumi na nne, kwa barua hiyo Hashil amelisajili kwa jina langu. Lina namba ya Oman sasa! Limekaguliwa, taa za nyuma zinawaka, breki zinashika. Limebaki jambo moja tu, kulihamisha kwa jina la Azza. Hashil anasema hiyo ni kazi ya nusu saa, nilete karatasi zangu na pasi yake.

Nipelekee pasi ya Azza kwa mkono wa Nadhir. Usiipeleke posta.

Marzouq


Ibra
19 Aprili 1979

Marzouq,

Marahaba. Sisi wazima.

Pasi ya Azza niliiweka pahala, nikaisahau pahala gani. Wiki tatu naitafuta. Jana Ami yako ameikuta ndani ya sanduku langu chini ya kanga, akaniuliza imefika vipi huko. Nimesema sijui. Inakuja na Nadhir, Ami yako mwenyewe ameitia kwenye bahasha na kuigundisha kwa gundi.

Sina mengi. Nakuombea kheri, hilo siku zote nakuombea, uwe mume wa nani sijui au usiwe.

Bimdogo


Firq
28 Aprili 1979

Bimdogo,

Shikamoo. Salamu za leo nitazifupisha. Niwieni radhi.

Jumatano nilikwenda trafiki na karatasi zote. Unajua Kiarabu changu cha kusoma kilivyo, natambaa herufi moja moja, basi nikamlipa mwandishi wa mlangoni anijazie fomu. Ananiuliza, mimi namjibu, yeye anaandika kwa kutazama pasi zetu. Kwenye pahala pa sababu ya kuhamisha nikamwambia andika mahari. Akaandika bila ya kuinua kichwa. Nikaipeleka ndani kwa Hashil.

Hashil akasoma juu, akatabasamu. "Mashaallah," akasema, "unampa dada yako. Kaka wa namna hii siku hizi hawapatikani." Nikasema si dada yangu. Akasema, "Ya akhi, ndugu yangu, wewe Marzouq bin Khalaf bin Azzan. Yeye Azza bint Khalaf bin Azzan. Sasa ni nani?" Nikamwambia ni mchumba wangu. Hapo jicho lake likateremka mpaka penye sababu, akasoma lile neno mahari. Bimdogo, sijapata kuona mtu akibadilika rangi vile. Kalamu aliiweka mezani taratibu, akavuta kiti nyuma. Akasema kwa sauti ya chini, "Muogope Mungu." Mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akajitenga, akasema audhubillahi, akatoka nje kabisa.

Nilikuwa nimesahau! Wallahi nilikuwa nimesahau. Nyumbani mimi ni Marzouq wa Sleyum, kwa jina la baba, kazini ni Marzouq tu. Ile pasi huitoa kabatini mara moja kwa mwaka. Nimesimama pale ndipo ikanijia ile siku ya 1973 mimi natoka Wete na kifurushi kimoja, mama yangu amekufa mwaka uliotangulia, vyeti vya marehemu baba vimepotea vyote, na Ami Khalaf ananiambia, "Usihangaike, nitakuandika mwanangu, uingie kwa jina langu." Tena wangapi walifanya hivyo! Kila nyumba ya watu waliotoka Unguja na Pemba ina mtoto wa karatasi. Hakuna aliyefikiri kuwa siku moja mtoto wa karatasi atataka kumuoa mtoto wa kweli.

Waliniita kwa afande. Masaa matatu nimekalishwa kwenye benchi kama mwizi. Nimeeleza, nimeeleza tena, Kiarabu kinanitoka vipande vipande. Afande ni mtu mwema, ana shemeji yake kutoka Zanzibar, akafahamu. Akasema, "Mimi sikufungi, lakini gari hili halihami, na hakuna kadhi atakayekuozesha kwa karatasi hizi. Nenda mahakamani ukarejeshe jina la baba yako."

Sasa Bimdogo, kurejesha jina ni kusema kuwa Ami aliapa uwongo mbele ya serikali. Anaweza kuingia matatani na kazi yake ya ofisini. Nimwambie vipi mtu aliyenipa jina lake bure kuwa aende akajishitaki ili mimi nipate mke? Mwambie wewe. Akikataa sitamlaumu, ingawa sijui nitaishi vipi.

Marzouq


Ibra
15 Mei 1979

Marzouq mwanangu,

Marahaba. Nimemsomea Ami yako barua yote. Nilidhani atakasirika. Alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyeandikiwa jawabu humo. Halafu akasema, "Niliapa uwongo kumpa mtoto nchi. Nitaapa kweli kumpa mke." Siku ya pili akamwandikia mzee Mahrous wa Sur, yule aliyekuwa jirani yetu Malindi, Unguja, na aliyehudhuria harusi ya baba yako na mama yako, aje kushuhudia kuwa wewe ni wa Sleyum. Ndivyo alivyo Ami yako, nami nimekaa naye miaka ishirini na nane bado ananishangaza.

Mimi nimemwambia asende. Nakwambia na wewe pia. Yaacheni. Mtu mzima ajitie jela kwa ajili ya harusi? Huenda Mungu mwenyewe ndiye aliyeweka kizuizi hicho njiani, na sisi tunakwenda kukiondoa kwa mikono yetu. Wasichana wako tele Nizwa, Manah, hata hapa Ibra nikuchagulie mimi. Azza kazi yake nzuri, atapata mwengine. Nyote wawili ni vijana, mtasahau.

Ami yako ameniuliza jana, "Bimdogo, wewe una nini na mtoto huyu?" Nimemwambia sina kitu. Nakupenda, Marzouq, hilo usilitilie shaka hata siku moja.

Bimdogo


Firq
10 Juni 1979

Bimdogo,

Shikamoo! Shikamoo mara kumi! Wasomee nyumba nzima barua hii, mwite Azza asikie.

Mimi ni Marzouq bin Sleyum bin Azzan. Nimeandikwa, nimepigwa muhuri. Ami atakuwa amekwisha kukuhadithia, lakini yeye husimulia kwa maneno matano, basi pokea yangu. Mzee Mahrous amekuja kutoka Sur na mkongojo wake na kanzu yake mpya, amemweleza kadhi mpaka rangi ya mlango wa nyumba yetu ya Malindi. Kadhi alipomuuliza ana hakika gani, akasema, "Nilikula pilau ya harusi ya baba yake, ikanishika tumbo siku mbili, vipi nisahau?" Watu wote walicheka. Halafu Ami akasimama. Alisema aliyosema, hakujitetea hata kwa neno moja. Kadhi alimkaripia vibaya, mimi nilikuwa natazama chini. Mwisho akasema, kwa kuwa umekuja kwa miguu yako na hukumla mtu haki yake, nenda, usirudie. Nilimbusu Ami mkono, kichwa na bega mbele ya watu, akaniambia niache vituko.

Hashil wa trafiki nimemwonyesha karatasi mpya. Ameisoma mara tatu kisha ameniletea kahawa. Anasema wiki sita zile hakulala vizuri kwa ajili yangu.

Sasa harusi ni Alhamisi tarehe 5 Julai. Limebaki la mwisho, nalo ni dogo. Kadhi anasema kwa kuwa karatasi zilikuwa zinatuita ndugu, hataki maneno ya watu baadaye. Anataka mkubwa wa kike katika ukoo aulizwe kama hakuna kati yetu kunyonya ziwa moja, maana walionyonya ziwa moja ni ndugu. Wakubwa wote wameshakufa, umebaki wewe. Atakuuliza swali moja kwa kiapo, utajibu hapana, tutakwenda kula. Atasikiliza hapo hapo Ibra siku ya ndoa, huna haja ya kusafiri.

Karavani nimelipaka rangi ndani. Halinuki tena.

Mwanao mtiifu,
Marzouq


Ibra
21 Juni 1979

Marzouq,

Barua yako Azza aliisoma kwa sauti. Tulikuwa uani, mimi nachambua mchele, Ami yako amekaa kizingitini. Tulicheka kwa mzee Mahrous. Alipofika kwenye swali la kadhi, Azza akajifanya kadhi mwenyewe, akakunja uso, akasema, "Bimdogo binti fulani, apa. Marzouq na Azza walinyonya ziwa moja?"

Niliinamia mchele wangu. Akacheka, akaniuliza tena. Mara ya tatu aliniuliza hacheki.

Nimeshindwa, mwanangu. Nilikusudia kuapa hapana. Ninakuandikia hivyo ili ujue nilivyofika. Miezi sita nilikuwa najizoeza lile neno peke yangu jikoni, na mbele ya mtoto wangu halikutoka.

Sikiliza sasa. Mwaka uliozaliwa wewe, mimi nilikuwa nimezaa kabla, mtoto wangu wa kwanza, Humoud. Alikaa siku arubaini na moja akafa. Maziwa hayakuwa na khabari kuwa mtoto amekufa, yalikuwa yakinijaa na kunichoma, nikifunga kitambaa kifuani. Wiki ile ile mama yako Mabruka akajifungua wewe, akashikwa na homa, hajitambui. Ulikuwa unalia nyumba nzima inasikia. Bibi yenu, mama yao Ami na baba yako, alikuwa anaamini maziwa ya mwanamke aliyefiwa yanamchukua mtoto mwengine, akanikataza nisikusogelee. Walikuwa wakikupa maji ya sukari kwa kijiko na wewe unayatema. Basi bibi yenu alipokwenda kusali, nikakuchukua. Ulinishika kidole. Ulinyonya mpaka ukalala. Nimefanya hivyo mara tatu, adhuhuri, alasiri, na adhuhuri ya pili. Kisha mama yako akapata nafuu, nyie mkahamia Wete, na mimi sikumwambia mtu, hata mume wangu. Ningeambiwa nilitaka kukuua.

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani Malindi alikuwa Shafii. Alitufundisha kunyonya kusikofika mara tano hakufanyi udugu. Nililishika hilo. Ulipokuja kumposa Azza nikahesabu, tatu, nikasema alhamdulillahi, hazikufika. Niliifurahia posa yako, Mungu ananijua. Halafu mwezi wa kwanza ikavunjika posa ya mjukuu wa Bi Wadha, nikamuuliza sababu. Akasema bibi mmoja kakumbuka kuwa alimnyonyesha kijana mara moja, njiani, wakisubiri gari. Nikamwambia mara moja si kitu. Aliniona mjinga. "Kwetu sisi Maibadhi," akasema, "hata funda moja." Nikamtuma amuulize sheikh wa msikiti wao kama anajiulizia mwenyewe. Akarudi na jawabu lile lile.

Miaka yote ile tumeishi Unguja tunasali kwa dhehebu letu la Ibadhi, na mimi kwenye jambo kubwa kama hili nilikuwa nimeshika la jirani bila ya kujua.

Kwa hiyo nililitukana karavani lako. Nikaificha pasi. Nikamwambia Ami yako asende mahakamani. Nilitaraji karatasi zitanisaidia, zikatae zenyewe, nisilazimike kusema. Ulivyonielezea ule mkasa wa trafiki, wewe umekalishwa benchi na mimi nilipumua. Nisamehe kwa pumzi hiyo.

Ami yako tangu siku ile hajasema na mimi. Anakula, anasali, anakwenda kazini. Azza aliniuliza, "Mara ngapi?" Nikamwambia tatu. Akaingia ndani, akafunga mlango, na asubuhi akaenda kusomesha kama kawaida. Ameyateremsha mapazia kwenye kamba na kuyakunja. Sikuthubutu kumuuliza atayafanyia nini.

Hakuna anayejua ila sisi wanne. Karatasi zako ni safi. Mungu anajua nimekupa silaha ya kunifanyia mimi utakavyo. Lakini sikuweza kukuacha uingie katika haramu.

Bimdogo


Firq, Nizwa
9 Julai 1979

Bimdogo,

Shikamoo. Hii nakuamkia kwa sababu nimefunzwa.

Barua yako ilinifikia tarehe 24, nikiwa karakana. Niliisoma chini ya lori, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Azzan akaniita mara nne, anasema alidhani nimeangukiwa. Siku ya tarehe 5 sikumbuki niliifanya nini. Nilikwenda kazini, hilo najua, kwa sababu saini yangu ipo kwenye daftari.

Nimekuwa nikikuandikia na kuchana. Barua moja nilikutukana. Nyengine nilikwambia tunyamaze sote wanne, tuoane, kadhi aulize na wewe uape, Mungu ni mwenye kusamehe. Hiyo nilikuwa nimeshaifunga, nimempa Nadhir. Nilimkimbilia mpaka kituo cha petroli kuichukua. Nakwambia na mimi ujue nilipofika.

Nimekasirika, Bimdogo. Si kwa kuninyonyesha. Kwa miezi sita. Ungelisema mwezi wa kwanza nisingelipaka rangi. Ami asingelisimama mbele ya kadhi akakaripiwa kama mtoto. Siwezi kukwambia yamekwisha, kwa sababu hayajesha.

Lakini kila nikikasirika hufika pale pale, kwenye yule mtoto anayelishwa maji ya sukari, na hasira inakosa pa kwenda. Mama yangu aliniambia kuwa nilipozaliwa nilikuwa wa kufa na nikapona bila ya sababu. Alikufa hajui sababu.

Nimemwambia kadhi. Nilikwenda peke yangu, sikutaja nani alificha nini. Akasema mwanamke aliyeyasema hayo ameniokoa mara mbili. Hayo ni yake, nakufikishia tu.

Jana nimekwenda trafiki kulihamisha karavani. Nilimuahidi Azza kitu cha kuonekana kwa macho, kwa jina lake, na ahadi ile sikuiweka kwa sharti. Hashil aliponiona alisimama, akanikumbatia juu ya meza. "Bwana harusi!" akasema. Fomu alikuwa amekwisha kunijazia mwenyewe, kwa mkono wake, kwa khati nzuri, Marzouq bin Sleyum kwenda kwa Azza bint Khalaf, sababu, mahari. Alijiona amenitendea hisani.

Nikamwambia afute mahari, aandike zawadi. Akauliza kwa nini. Sikujitayarisha kuulizwa, Bimdogo. Nikasema, "Kwa sababu ni dada yangu."

Akasema, "Mwezi wa nne karatasi ilisema ni dada yako, ukaapa siye, ukakaa benchi masaa matatu. Leo karatasi inasema siye, wewe unaapa ndiye." Nikamwambia ndivyo. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu hakuuliza tena. Alifuta kwa wembe, taratibu, asitoboe karatasi, akaandika zawadi, akapiga muhuri. Kweli ilikuwa kazi ya nusu saa.

Karavani litafika Ibra Ijumaa, Azzan atalivuta. Mimi siji. Azza aliweke shuleni, awakodishe walimu wageni, alale ndani akikuchokeni, ni lake. Bima ipo mpaka mwezi wa nne mwakani. Mlango usukumwe kwa bega.

Msemeshe Ami, usimsubiri aanze yeye. Mwambie mtoto wake wa karatasi anamwomba akujibu. Na Azza sikumwandikia kwa sababu sijui nimuanze vipi. Nimejaribu kuandika "dada yangu mpenzi," na mkono umeandika, lakini nimeshindwa kuisoma.

Marzouq